Ndoo ya Msibani

Kwa miaka mingi mkwe wangu Kisa na mume wangu Mzee Eliud waliishi kwenye uwanja mmoja bila kutazamana usoni, na hawakuwa wamegombana. Ndivyo tulivyo Wanyakyusa, au niseme ndivyo tulivyobaki wachache: mke wa mwana humkimbia baba mkwe wake, na kumkimbia huko ndiyo heshima yenyewe. Akimwona kwa mbali anajitanda kitenge kichwani, anaacha njia, anaingia migombani mpaka mzee apite. Hampi kitu mkononi, hamsemeshi, hatamki jina lake, na akimtaja humtaja kwa wingi, kana kwamba ni watu wengi. Krismasi moja Kisa alipewa kusoma somo kanisani, lile lenye majina mengi ya ukoo, na katikati ya majina akakutana na Eliudi. Akaruka. Kanisa zima likacheka, na mume wangu kwenye benchi la wazee akainama kwa furaha. Siku ile alikula sahani mbili.

Mzee naye alikuwa na wajibu wake. Kabla ya kukunja kona ya nyumba alikohoa mara mbili, kavu, ili Kisa apate muda wa kukimbia. Nimesikia kikohozi kile mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu.

Na maneno yao yalipita wapi? Kwangu. Mimi Veronika nilikuwa barabara yao. Mmoja amekaa upande huu wa ukuta wa mianzi, mwingine upande ule, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini lazima nisimame katikati. "Mwambie mkwe wako kuku wake wamo kwenye kakao yangu." Ninageuka, ninasema kuku wako wamo kwenye kakao yake. "Mwambieni baba nitawafungia." Ninageuka tena. Nilikuwa na ukali wangu juu ya jambo hili, sitaki kudanganya, lakini nilimeza. Nasema haya mapema ili mnielewe nikifika kwenye ndoo.

Mwanangu Gwamaka alipofariki kwa ajali ya gari, ndugu wa Kisa walishuka kutoka Tukuyu, wakalia nasi, wakala nasi, kisha wakamwambia binti yao afunge mizigo. Mjane kijana, watoto wawili wadogo, atafanya nini huku bondeni kwenye joto na mbu? Kisa akasema bado. Akasema ameanza kufuga nguruwe, wamwache kwanza aone watamfikisha wapi.

Alifuga kwa akili. Banda alilijenga juu ya nguzo, maana masika ya Kyela maji huingia mpaka jikoni. Sakafu ilikuwa ya mbao zenye nafasi, mavi yakadondoka chini na yeye akayazoa kupeleka migombani. Chakula kikubwa kilikuwa pumba za mpunga, alizochukua mjini kwenye mashine ya Khamisi. Khamisi ni Mwislamu wa msimamo, neno nguruwe halimtoki kinywani. Humuuliza Kisa, "Wale wako hawajambo?" na humpimia pumba hadi gunia linakataa kufungwa. Kisa alikataza wanyama wale wasipewe majina. Asifiwe na mdogo wake walipotaka kuwaita hivi na vile aliwaambia, "Hawa ni nyama inayotembea. Ukimpa jina, siku ya kumchinja utakimbilia kwa bibi yako." Walinenepa. Watu wa Kyela mjini walianza kuwaagiza kabla hawajafikia uzito.

Mwaka jana, masika yalipoanza, wakafa wote.

Kwanza waliacha kula. Kisha masikio yakawa mekundu, yakaenda kuwa ya zambarau, na miguu ya nyuma ikawa inapepesuka. Bwana mifugo alikuja akatazama akiwa amesimama nje, akasema hii ni homa ya nguruwe, haina dawa wala chanjo, chimbeni shimo mchome na kufukia. Kisa alichimba mwenyewe. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: imeingiaje? Bwana mifugo akamweleza kwamba homa hiyo huletwa na nguruwe mgeni, na viatu vya watu, na magari, na zaidi ya yote makombo yenye nyama ya nguruwe. Kisa akasema hajawahi kuwapa makombo hata siku moja. Akabaki kuvilaumu viatu vyake mwenyewe, kwa kuwa wiki ile alikuwa amekwenda mnadani. Alivitazama viatu vile kwa chuki mpaka nikavificha.

Ndugu zake wakashuka tena kutoka Tukuyu, safari hii na gunia tupu la kuwekea vyombo. Akawarudisha. Jioni yake akanifuata jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, nitajaribu mara moja tena. Nikishindwa safari hii, nachukua watoto, narudi kwetu."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekumbusha siku ya soko. Nikajibu sawa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikachoka. Nilikwisha kumzika mwana. Sasa nilikuwa naambiwa kwamba wajukuu wangu wamening'inia kwenye mkia wa nguruwe.

Nilimwambia mzee, ndiyo kazi yangu. Alisugua goti lake kwa muda, akasema, "Nguruwe wake watanenepa." Nikadhani ni maneno ya kujifariji tu. Mume wangu ni mtu wa maneno machache na mambo yake mengi huyafanya bila kuaga.

Kisa aliliacha banda tupu hadi mavuno. Alilisugua, akalipaka chokaa, akaliacha lipigwe na jua. Alipouza mpunga wake alipanda Rungwe akarudi na jike mmoja kijana, mrefu wa mgongo, mweupe mwenye doa jeusi kwenye bega. Na pamoja na jike huyo zikaja sheria. Hakuna mgeni bandani. Mlangoni aliweka beseni la dawa ya kukanyagia, na gambuti zake za bandani hazikuvuka beseni lile kwenda popote. Makombo, hata ganda la muhogo lililotoka jikoni kwa mtu mwingine, marufuku. Aliwaambia majirani mmoja mmoja, akawaambia watoto, akaniambia mimi. Mzee akaambiwa kupitia kwangu.

"Mwambieni baba, tafadhali, wasiingie bandani na viatu vya njiani."

Nikageuka kwenye ukuta wa mianzi nikasema. Mzee akajibu kwa mshangao, "Mimi nitafuata nini bandani kwa mkwe wangu?"

Ilikuwa kweli. Baba mkwe kuzungukazunguka kwenye banda la mke wa mwanawe ni aibu. Nikaridhika, na Kisa akaridhika.

Jike akapandishwa, akashika mimba, tumbo likashuka hadi likakaribia mbao. Kisa alianza kumchunguza kila asubuhi: masikio, macho, pumzi. Alikuwa hacheki tena ovyo. Akitoka mbugani kupalilia mpunga anapitia bandani kabla ya kuweka jembe chini. Ndipo kukawa na msiba kijiji cha Ngonga, wa mtu aliyekuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana. Mzee alivaa viatu vyake vya kanisani, akafunga ndoo kwenye karia ya baiskeli, akaondoka. Nikamuuliza ndoo ya nini. Akasema ameweka mchele kidogo wa kuwafariji wafiwa.

Mchana ule mimi na Kisa tulipaswa kuwa mbugani. Lakini Kisa alikuwa amekwenda kwanza mjini kuchukua pumba, na alirudi mapema kwa bodaboda, uso umemkauka. Khamisi alikuwa amemuuliza, "Mama Asifiwe, wale wako hawajambo?" na bila kungoja jibu akaongeza, "Maana Ngonga nasikia wanaanguka."

"Wanawachinja wagonjwa kabla hawajafa, mama," Kisa aliniambia huku akilishusha gunia. "Nyama imekuwa ya bure. Imejaa huko msibani. Na baba wameenda huko huko."

"Akirudi nitamwambia aoshe miguu," nikasema.

"Waambieni waoshe kabla hawajavuka kakao. Tafadhali, mama. Kabla."

Tukaacha habari za mbugani. Tukaenda nyuma ya banda kukata matembele ya jike, mimi masikio yangu yako njiani nikisikilizia kikohozi.

Hakikuja kikohozi. Kilichokuja ni mlio wa breki ya baiskeli. Mzee alijua siku ile tupo mbugani, sasa angekohoa kwa ajili ya nani? Nilichungulia kwenye pembe ya banda nikamwona anaiegemeza baiskeli kwenye mkakao, anafungua kamba, anabeba ndoo kwa mikono miwili. Juu yake ilikuwa imefunikwa kwa jani la mgomba. Harufu ya mchuzi wa msibani ilitufikia kabla yake.

Alikuja moja kwa moja bandani. Hakutazama kushoto wala kulia, alitembea kama mtu anayekwenda chooni kwake. Na yule jike, ambaye kwa mgeni hukimbilia kona na kukoroma, aliinuka akaweka miguu ya mbele juu ya ubao, akaanza kuguna kwa furaha. Walikuwa wanafahamiana!

"Mama mkubwa," mume wangu alimwambia nguruwe, kwa sauti laini ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho nikiwa mchumba. "Leo si ndizi. Leo nimekuletea karamu. Kula unenepe, uzae, watoto wangu wasiende Tukuyu."

Akalitoa jani. Wali, maganda, mchuzi, na mifupa. Akaiinua ndoo.

Nilimwangalia Kisa. Mguu wake mmoja ulikwisha kurudi nyuma kuelekea migombani, wenyewe, kwa mazoea. Mkono ulikwisha kukivuta kitenge kichwani. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na mdomo wazi na hakuna sauti. Halafu Kisa akageuza ule mguu. Alikimbia kuelekea kwa baba mkwe wake, jambo ambalo sijawahi kuona mwanamke wa kwetu akifanya.

"Msimpe, baba! Msimpe!"

Aliishika ndoo. Mikono minne kwenye ndoo moja, nyuso mbili zikitazamana karibu kiasi cha kupuliziana pumzi. Mzee alishtuka akaachia, ndoo ikaanguka chini kwenye mlango, mchuzi ukamwagika na mifupa ikabingirika hadi chini ya ubao. Jike akapenyeza pua kwenye nafasi ya mbao kuifuata. Kisa hakuwa na fimbo, hakuwa na kitu. Akavuta kitenge chake kichwani, akakitupa juu ya makombo, akajilaza juu yake kwa magoti na viwiko, akiisukuma pua ya nguruwe kwa kiganja. Kichwa wazi, nywele hazijasukwa, mbele ya baba mkwe.

"Gwe Kyala!" nikamwita Mungu. Ndiyo sauti ya kwanza iliyonitoka.

Mzee alikuwa amekwisha kugeuka. Alisimama ametuonyesha mgongo, mikono imening'inia.

"Mwambie mkwe wako," aliniambia mimi akiwa ameangalia kakao. "Mwambie mimi si mwizi. Namletea nguruwe wake chakula. Kila siku mkienda mbugani namletea ndizi, papai. Na mwaka jana wale wengine, kila nilipotoka msibani niliwaletea. Kuna ubaya gani?"

Kisa aliacha kukusanya mifupa.

Alipiga magoti pale pale kwenye mchuzi, akautazama mgongo wa mzee. Niliona jambo likipita usoni mwake, polepole, na nilijua ni jambo gani kwa sababu lilikuwa linapita na usoni mwangu. Vile viatu vya mnadani havikuwa na kosa.

Mume wangu si mjinga. Swali lake lisipojibiwa, huanza kulijibu mwenyewe.

"Muulize," aliniambia, na sauti ilikuwa imeshuka. "Muulize, wale wa mwaka jana... ni ndoo hii?"

Hapo ndipo ukali wangu wote wa miaka ulipopanda. Ulinipanda kutoka kwenye visigino.

"Muulize mwenyewe!" nilimwambia. "Yuko nyuma yako. Ana masikio, na wewe una mdomo. Mimi nimechoka."

Jike alikuwa anaguna akiulizia karamu yake. Kisha mzee, bila kugeuka, akasema maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia mke wa mwanawe.

"Mwanangu. Ni mimi?"

Niliomba adanganye, nawaambieni ukweli. Neno dogo tu, labda, huenda, nani ajuaye. Lakini Kisa hakuwajengea nguruwe wale banda kwa kudanganya, na hakuwa anaanza leo.

"Ndiyo, baba," akasema. "Nadhani ni ndoo." Kisha akaongeza, "Mlitaka wanenepe."

Mabega ya mzee yakashuka. Alilia bila sauti, na sisi tukamwacha alie. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa shati, akauliza, "Na huyu?"

"Mmewahi kumpa makombo huyu?"

"Hapana. Tangu aje hapajawa na msiba. Ndizi tu."

"Na viatu?"

Mzee akainama akavitazama viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vimejaa matope ya Ngonga. Alikuwa amesimama navyo hatua moja kutoka bandani. Alichukua jembe ukutani, akaenda mbali chini ya migomba, akaanza kuchimba.

Tulichoma makombo, jani, ndoo na kitenge. Kisa alimwaga dawa pale mlangoni mpaka udongo ukabadilika rangi, akajimwagia na yeye mwenyewe. Moto ulipokolea mzee alivua viatu vyake vya kanisani, kimoja kimoja, akavitupa ndani. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto, hajazoea kutembea peku. Soli zilinuka uwanja mzima hadi jioni.

Asubuhi nilimkuta njiani. Pale uwanja wetu unapokutana na barabara, katikati ya mikakao miwili, alikuwa amefunga mwanzi mrefu kama kizuizi cha polisi, ameweka beseni la dawa, na amekaa kwenye kigoda chake peku. Uso ulikuwa barabarani na mgongo ulikuwa kwetu. Nilimpelekea chai akainywa hapo hapo. Nikamuuliza atakaa hapo mpaka lini. "Mpaka azae," akasema.

Kisa alipotoka nyumbani alisimama kidogo kuutazama mgongo ule. Kwa kuwa haukuwa na macho, hakuwa na sababu ya kukimbia. Akachukua ndoo ya pumba, akapita uwanjani katikati, mahali ambapo tangu aolewe alikuwa anapazunguka.

Siku zile nguruwe walikufa kote kuanzia Ngonga mpaka karibu yetu. Tulisikia harufu ya kuchomwa, tukaona watu wakiburuta mizoga kwenye matoroli. Wachuuzi wa nyama walipita na pikipiki kuwatisha wafugaji wauze haraka. Mmoja alifika kwenye mwanzi wetu, akaweka buti moja ndani, na mzee akauinua mwanzi akamwonyesha barabara. Hakumpiga. Lakini yule kijana hakuuliza swali la pili.

Maneno nayo yalitembea. Mkwe kavua kitenge mbele ya baba mkwe, mkwe kamshika baba mkwe mikono. Mzee Wilson, mwenzake mume wangu kwenye baraza la wazee, alikuja rasmi na koti, kusema kwamba jambo hili lina aibu yake na lazima mwanamke yule alipe kuku, au zaidi, ili nyumba itakasike.

"Osha miguu," mume wangu akamwambia.

"Eliud, nimekuja kwa jambo zito."

"Nalo lioshe miguu."

Wilson akavua viatu, akaikanyaga dawa huku akinuna, suruali ameishika juu. Mume wangu alimngoja mpaka akamaliza, kisha akasema hata hivyo hatamruhusu kuvuka, wataongelea pale pale. "Na adhabu imekwisha kulipwa," akamwambia. "Nimelipa mimi. Nenda kawaambie hivyo." Nilikuwa naanua kakao kwenye mkeka wangu karibu, na niliona Mzee Wilson akiondoka amebeba viatu mkononi. Nilicheka mpaka kakao zikamwagika.

Lakini ndani yangu sikuwa nacheka. Kila asubuhi Kisa aliingia bandani, na kila asubuhi mimi na ule mgongo tulingoja. Akitoka anasema, "Amekula." Mimi napumua, na pale njiani kigoda kinalia kidogo, mtu amekaa vizuri.

Asubuhi moja akatoka hakusema kitu.

"Nini?" nikauliza.

"Hajala."

Kulikuwa na mvua nyembamba. Ndoo ya pumba ilikuwa mkononi mwake imejaa vilevile. Aligeuka akarudi ndani, nami nikamfuata, nikakanyaga dawa, nikainama kwenye mlango. Jike alikuwa amesimama kona, anahema, anazunguka, anasimama tena. Kisa alimshika sikio la kulia akalitazama kwenye mwanga, akalikunjua, akashika la kushoto. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Meupe," akasema. "Yote meupe."

"Sasa mbona hali?"

Jike alikuwa ameinamisha kichwa chini, akauma jani kavu la mgomba lililokuwa limelala sakafuni, akalibeba kwenda kona. Akaliweka. Akarudi kuchukua jingine. Kisa akatazama, akakaa chini palepale kwenye mbao, akashika kichwa.

"Anatandika, mama. Anatandika kitanda."

Nikatoka mbio kuokota majani makavu, mimi mzee na magoti yangu. Nikapita karibu na njia. Ule mgongo ulikuwa umekaza, shingo imesimama, lakini haukugeuka. Ningeweza kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari, ni kazi niliyoifanya miaka yote. Nikafunga mdomo wangu, nikaendelea kuokota majani.

Alizaa mchana, mvua ikiwa imekatika. Walitoka mmoja baada ya mwingine, wenye utelezi, wadogo kama viatu, kila mmoja anatafuta ziwa kabla hajajua yuko wapi. Kisa aliwafuta kwa majani, akawasogeza kifuani kwa mama yao, akafunga vitovu. Wawili walikuwa na doa jeusi begani. Watakua, watauzwa, tutakula nyama na kushukuru, na sijawapa majina. Lakini siku ile niliwaangalia kama watu walioniletea barua ya habari njema.

Kisa alitoka bandani. Alisimama kwenye beseni la dawa, damu mpaka kwenye viwiko, kichwa hakina kitenge. Akautazama mgongo ule pale njiani. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, mahali pangu pa siku zote. Nikainuka, nikachukua kigoda changu, nikasogea pembeni.

"Baba," Kisa akaita kwa nguvu. "Wamezaliwa. Wazima wote."

Mzee akainamisha kichwa. "Ndaga," akashukuru. "Ndaga fijo, mwanangu." Hakugeuka. Alikaa hivyo, akisugua goti lake, na nilijua kuna jambo jingine analotaka kuuliza, na nilijua ni lipi.

"Na Tukuyu?"

Kisa alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akautikisa, akatoa wa pili. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku za Gwamaka.

"Tukuyu kuna baridi, baba," akasema. "Watoto wa nguruwe hawaiwezi baridi."

Mzee Eliud akakohoa, mara mbili, kavu, kama alivyokohoa miaka yote.

Kisa hakukimbia. Alikuwa amesimama pale pale, anakausha miguu yake juani.